Mlinzi Aliyekataa Kupisha

Isiolo, Jumatano, jua likielekea kuzama.

Leo upepo uliamka kabla yangu. Nilipofungua kibanda changu cha kompyuta hapa Bula Pesa nilikuta vumbi limeshapita chini ya mlango na kujilaza juu ya kibodi zote, kama mteja aliyewahi foleni. Jua lilikuwa jeupe. Siku za namna hii mji huonekana kama umechorwa kwa penseli halafu mtu akaupitishia kiganja, na mimi hutembea ndani yake nisijue kama nimeamka vizuri.

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Mama Guyo alifika saa tatu asubuhi. Huyu ni katibu wa kamati ya kisima kimoja huko juu, upande wa Merti, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye miwani inayoshikiliwa sikioni na uzi. Alikuja na lori la mbuzi. Laptop yake alikuwa ameifunga kwa leso mbili na kuipakata njia nzima, kwa hiyo laptop ilifika safi na yeye alifika na rangi ya barabara. Akatoa salaam aleikum, nikaitikia, ingawa mimi ni mtu wa kanisa. Mji huu salamu haiulizi unasali wapi.

Shida yake ilikuwa faili moja lililokataa kufunguka.

Ndani ya faili hilo kuna zamu ya kunywesha mifugo, ambayo wao huita herega. Kiangazi kikikaza, kila kundi la ngamia lina siku yake kisimani, na siku hizo hupangwa katika kikao kirefu ambacho watu hutoka wamechoka lakini wamekubaliana. Zamani iliandikwa kwenye daftari. Mwaka juzi mbuzi alikula daftari, akianzia jalada. Kamati ikaamua kuwa ya kisasa.

Jumamosi asubuhi ndipo zamu inaanza. Kama haijulikani nani ana siku gani, atakayenywesha kwanza ni mwenye sauti kubwa, na wa pili ni mwenye vijana wengi wa kushika fimbo. Mama Guyo alinieleza hayo akikunja leso zake polepole, bila kupandisha sauti, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa. Lori lilikuwa linarudi saa kumi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hayo maneno huwa nayatoa kabla hata sijawasha mashine.

Mimi kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuziharibu, zangu kwanza, halafu za watu. Kwa hiyo najua mambo mengi kwa upande wa nyuma. Najua, kwa mfano, kwamba kila mashine ina chombo chake cha kukagua diski. Kinapita kipande kwa kipande, kikikuta mahali palipovunjika kinapashona, pakishindikana kinapatenga watu wasipakanyage tena. Lakini hakifanyi kazi hiyo mbele za watu. Kinataka kiachiwe diski peke yake, asiguse mwingine. Ndiyo maana hupewa zamu alfajiri ya mashine, wakati inawaka tu, kabla programu nyingine hazijafungua macho.

Nikakiagiza. Nikaizima mashine, nikaiwasha.

Skrini nyeusi. Mistari miwili mitatu ya Kiingereza cha herufi nyeupe, ikapita mbio. Kisha mashine ikaendelea kuamka kama kawaida, kama mtu aliyeulizwa swali akajifanya hakusikia.

Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, hivyo hivyo.

Nikalaumu vumbi. Nikaifungua mgongo, nikapuliza. Halafu nikalaumu lori, na hapo niliongea vizuri sana, nikaeleza jinsi mtikisiko wa barabara ile unavyoumiza diski ndani kwa ndani. Mama Guyo akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema alimpakata Guyo barabara hiyo hiyo tangu ana siku arobaini, na Guyo sasa yuko darasa la saba na hajapoteza kitu chochote ndani. Nikahamia kwa watu wa mradi walioipa kamati laptop, nikasema hizi za mradi huwa ni za bei ya chini. Hawakuwepo kujitetea, kwa hiyo nilikaa kwao muda mrefu.

Saa sita joto lilishuka juu ya mabati na kukaa. Nje ngamia walipita wakielekea sokoni, kengele zao za mbao zikigonga ile sauti ya kina, kama mtu anabisha mlango wa nyumba iliyo mbali. Nikatazama skrini nyeusi nikapotea. Nikaiona diski kama uwanda ule wa baada ya Merti, tambarare, ukizunguka taratibu bila kelele, na katikati yake kisima kimoja. Pembeni watu wamesimama na mifugo yao kwenye duara, wamenyamaza, kila mmoja akimtazama mwenzake, na hakuna anayejua ni siku ya nani. Sikuwa nimelala. Lakini kama mngeniuliza jina langu ningeomba dakika.

Niliporudi, Mama Guyo alikuwa amechana kipande cha kaki kwenye boksi la printa na anaandika. Alikuwa anaipanga zamu upya kutoka kichwani, siku ya kwanza familia hii, siku ya pili ile. Nikafurahi. Nikamwambia basi tumemaliza, achukue hiyo karatasi awahi nafasi ya kivuli kwenye lori.

Aliisoma tena. Akaikunja.

"Fundi, hii nimeandika mimi. Na mimi niko na ngamia."

Nikamwambia hakuna mtu atamshuku.

"Si kushuku. Nikikumbuka mimi, ngamia zangu zinaenda mbele. Si wizi. Kichwa inafanya hivyo yenyewe."

Nikawasha mashine mara ya nne, kwa sababu vidole vinahitaji kazi.

Safari hii alizunguka meza akasimama nyuma yangu, na mistari ile myeupe ilipotokea, akaipiga picha kwa simu yake. Asubuhi nzima mimi fundi sikuwa nimefikiria jambo hilo. Au tuseme sikuwa nimelitaka. Mtu anayeandika kumbukumbu za vikao hasomi kwa kurukaruka. Aliikuza ile picha kwa vidole viwili, akasogeza miwani, akasoma kimya, kisha akanitafsiria bila haraka: diski haikuweza kufunguliwa ikaguliwe, na huenda sababu ni programu iliyowekwa hivi karibuni.

"Kuna kitu imewekwa hapa juzi-juzi," akasema. "Imewekwa na nani?"

Jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa watu wa mradi. Lilikuwa limeshavaa viatu.

Shajara, ukweli ni huu. Mwezi uliopita, kikao cha zamu kilipokwisha, Mama Guyo alishuka mjini kwa harusi akanipitishia mashine nichapishe lile faili. Mimi nikamwekea antivairasi. Hakuniomba. Nikamwekea ile kali, inayoamka kabla ya kila kitu na kushika kila mlango, nikamwambia sasa ana mlinzi, faili liko salama, hakuna haja ya kupoteza karatasi.

Siku hiyo printa yangu haikuwa na wino.

"Mimi," nikamjibu. "Niliweka mimi."

Hakukasirika. Ningependelea akasirike. Aliniuliza tu huyu mlinzi anakaa wapi, nikamwambia mlangoni, kabla mtu yeyote hajaingia. Akafikiri. Akanieleza kwamba kwao kabla ya kiangazi lazima mtu ateremke kutoa tope kisimani, na siku hiyo kila kitu huondolewa pale juu, mifugo, watu, na hasa mbwa, kwa sababu mbwa hajui aliyeteremka ni wa nini.

"Wewe umefunga mbwa kwa mdomo ya kisima," akasema, "halafu unalaumu barabara."

Akacheka yeye, nikacheka na mimi kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa.

Nikaizima antivairasi. Nikawasha upya. Bado. Mlinzi huyu ukimwambia alale anaitikia ndiyo, halafu mashine ikiwaka unamkuta amesimama pale pale na rungu. Ikabidi nimfukuze kabisa. Akaniuliza kama nina hakika. Akaniuliza tena kama nina hakika kweli. Akanionya kwamba naingia hatarini, akaniomba nimweleze kilichoniudhi, nichague sababu moja kati ya tano. Sababu yangu haikuwa kwenye orodha.

Tukawasha. Mama Guyo akasema bismillahi. Mimi nikasema yangu kimoyomoyo, pamoja na ombi fupi kuhusu stima.

Asilimia moja.

Sijui niandikeje zile dakika. Asilimia mbili, tano, kumi. Kwenye ishirini na saba ikasimama muda mrefu, na hata upepo nje nikaona umesimama nayo. Mama Guyo alivuta kigoda akaketi, mikono mapajani, akiitazama namba kama mtu anayetazama kundi linakunywa, ambaye hana la kufanya ila kuhesabu vichwa. Kibanda kikajaa utulivu ambao sijausikia tangu nikiwa mtoto mgonjwa nyumbani, watu wote wakiongea chumba cha pili. Huko ndani kitu fulani kilikuwa kimeteremka gizani na ndoo yake, kinapapasa kuta, kinatoa tope, na safari hii hakuna aliyekibwekea. Nilikuwa nimesimamisha hata redio. Arobaini. Sitini. Nikagundua nimeshika ukingo wa meza.

Saa nane na nusu mashine ikaamka yenyewe. Nikabonyeza faili mara mbili.

Likafunguka.

Siku nane, familia nane, kila mstari mahali pake. Mama Guyo hakusoma wa kwanza wala wa mwisho. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kutafuta mstari mmoja tu. Kisha akafunua kile kipande cha kaki akakiweka kando ya skrini.

Kwenye kaki ngamia wake walikuwa siku ya tatu. Kwenye faili walikuwa siku ya sita.

Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Akaniambia alikuwa tayari kuapa, wallahi, kwamba ni ya tatu, hata aliwaona kabisa kichwani wakinywa siku hiyo, na kivuli kilikuwa upande gani. Nikanyoosha mkono nichukue kaki niitupe. Akanizuia. Atakwenda nayo kwenye kamati, akasema, atawaonyesha zote mbili, ili wajue kwa nini zamu haiwekwi kichwani mwa katibu.

Nikachapisha nakala tatu. Akauliza kama mlinzi atarudi, nikamwambia nitamwekea mpole, yule aliyekuja na mashine yenyewe, anayejua kupisha. Akakubali. Akachukua zile nakala zikiwa bado na joto, akazipitisha mbele ya miwani moja moja.

"Printa yako ni mzuri," akasema. "Siku ile ungenichapishia tu."

Alisema hivyo hivyo tu, kama mtu anayesema chai ina sukari. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa kufanya ni kupita.

Nikasema, "Ni kweli, mama."

Basi. Lori likapiga honi, dereva akaita jina lake, akafunga laptop kwa leso mbili na nakala akazigawa, moja ndani ya begi, moja ndani ya laptop, moja kifuani. Mbuzi safari hii watakuwa na kazi. Nikamsindikiza hadi kwenye lori, nikamsaidia kupanda, vumbi likamchukua.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Wateja wawili walikuja, nikawahudumia nusu. Najiuliza kwa nini neno "mimi" lilitoka kuhusu programu na halikutoka kuhusu wino. Nadhani programu ni kosa la mtu anayejua mambo. Wino ni kosa la mtu asiyetaka kuonekana hana wino. La kwanza linakubalika kwenye kibao changu cha nje. La pili lina mlinzi wake, na huyo anaamka mapema kuliko mimi.

Yule mama atasimama mbele ya wazee wanane na kaki yake mkononi.

Kwa hiyo dakika kumi zilizopita nilichukua simu nikamrekodia sauti. Sikuirembesha. Nilisema, Mama Guyo, siku ile sikukuchapishia kwa sababu sikuwa na wino, nikaona aibu, nikakwambia habari ya mlinzi. Nikatuma kabla sijaisikiliza, maana nikisikiliza huwa narekebisha.

Lori sasa limeshaacha lami, huko mtandao hauko. Ujumbe umeweka tiki moja. Utakaa hivyo mpaka wafike Merti.

Vumbi limetulia. Mlima kule kusini umetokea ghafla wote, wa bluu, kama ulikuwa umesimama hapo siku nzima ukingoja tumalize. Simu nimeiweka juu ya meza, skrini juu.

Tiki bado ni moja. Na mimi, nikiwa mkweli, sijajua kama nataka ya pili ije leo.