Nilivyompotezea Maganga Namba

Zuzu, Dodoma

Kwa dada yangu Kalunde,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, goti limepunguza makelele, na tumbaku imeshaingia kwenye mabani ya kukaushia kabla mvua haijaiwahi. Shemeji kifua chake kinaendeleaje? Mwambie ile dawa aimalize, asiache katikati kama kawaida yake. Sisi huku miili ni mizima. Upepo unatulisha vumbi asubuhi na jioni, maji ya bomba yanakuja siku yanayotaka yenyewe, majirani wamemaliza kuvuna zabibu. Mke wangu anakuamkia. Shule imefunguliwa nami bado nafundisha historia kwa watoto wanaosinzia.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu tunazo. Nilikupigia mara tatu wiki iliyopita, na mara zote tatu nikakata kabla hujapokea. Kwenye simu ungeniuliza swali moja, mimi ningekujibu kumi, na mwisho ungesema "haya Mihambo, yaishe," kama ulivyokuwa ukisema tangu utotoni, nami ningeweka simu mfukoni nikijiona nimeshinda. Safari hii sitaki kushinda.

Dada, Maganga ameachwa na timu. Anarudi nyumbani. Barua hii anakuja nayo yeye mwenyewe, na yaliyomo anayajua. Aliyempotezea namba si kocha, wala si mashabiki. Ni mimi.

Unakumbuka ulivyonikabidhi mwanao alipomaliza kidato cha nne. Ulisema, "Namkabidhi kwako wewe, simkabidhi kwa mpira." Nami nikakujibu kwa mdomo mpana kwamba yule ni namba kumi halisi, mtu anayeona pasi kabla wenzake hawajajua kuna nafasi, na kwamba Zuzu kuna timu inayolea vijana, na mimi ni mjumbe wa kamati yake. Yote yalikuwa kweli. Msimu wa kwanza alicheza na vijana wenzake, na watu walikuwa wanatoka mjini kuja kumtazama. Kocha Issa, Mrangi wa Busi, mtu wa maneno machache anayeuza alizeti sokoni siku zisizo na mazoezi, aliniambia: "Mwalimu, huyu tusimharakishe." Lakini kiungo wetu mkubwa akaumia, na Maganga akapandishwa.

Hapo ndipo mpira ulipoanza kumkimbia. Pasi zilizokuwa zikifika miguuni kwa mwenzake zikawa zinafika kwa adui. Aligeuka polepole, akanyang'anywa. Mechi ya nyumbani dhidi ya timu ya Kongwa alipoteza mpira katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa, na kabla hatujakaa vizuri nyavu zetu zikatikisika. Jukwaani wakaanza.

"Mtoeni huyo! Katumwa na Kongwa!"

"Mwalimu, mpwa wako leo kavaa jezi yetu, moyo kauacha kwao?"

Nilisimama nikamjibu yule bwana, fundi baiskeli wa pale stesheni: "Wewe mpira unaujua kwa kuusikiliza redioni, nyamaza!" Watu wakacheka. Nilipotazama uwanjani, Maganga alikuwa amesimama ananitazama mimi, na mchezo ulikuwa unaendelea nyuma yake.

Nikuambie ninachoamini, na bado nakiamini hata leo nikiwa nimevunjika hivi. Nchi hii inatafuna vijana wake. Tunataka mchezaji aliyeiva, tukimpata kijana mbichi tunamtupa, halafu tunakaa vijiweni kuuliza kwa nini hatuna wachezaji. Kiungo mchezeshaji ndiye anayegusa mpira kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayekosea kuliko wote, na hawezi kujifunza kazi hiyo akiwa amekaa benchi. Timu zinakwenda kuokota mzee mwenye jina, zinacheza naye msimu mmoja, zinashuka naye. Nimeyasema haya redioni, nimeyaandikia magazeti, nimewasomesha hata wanafunzi wangu waliouliza habari za vita vya Majimaji. Hoja yangu ilikuwa sahihi, dada. Ndiyo maana inaniuma zaidi.

Kamati iliitwa Jumamosi mchana, kwenye darasa langu, kujadili suala la Maganga. Mwenyekiti ni Mzee Ndahani, Mgogo mwenye ng'ombe wake ng'ambo ya reli, mtani wangu wa miaka mingi. Unajua sisi Wanyamwezi na wao tulivyo. Alipofiwa na kaka yake, mimi ndiye niliyejilaza kaburini nikagoma kutoka mpaka walete mbuzi, na yeye akilia machozi alinicheka. Mwanangu alipozaliwa alikuja kumkagua kama anayekagua ndama, akasema, "Huyu wa kwetu, mmemwiba." Hajawahi kunikosea adabu, na mimi sijawahi kumkasirikia, maana mtani hakasirikiwi.

Basi akafungua kikao. Akanitazama, akatabasamu, akasema:

"Mwalimu, babu zenu walibeba pembe za ndovu begani kutoka kwenu Unyanyembe mpaka pwani, kwa miguu, wakapita hapa hapa kwetu. Leo mjukuu wao anashindwa kubeba kampira kutoka katikati ya uwanja mpaka golini? Damu imeingia maji?"

Darasa zima likacheka. Hata kocha alicheka. Na wewe dada, ukisoma hapo, jibu unalo tayari. Ungemwambia, "Angefika, ila Wagogo mmemsimamisha njiani mnataka ushuru wa maji, kama mlivyowatoza babu zake!" Wangecheka mara ya pili, mioyo ingelegea, na jambo zito lingezungumzwa bila mtu kuumia. Kazi ya utani ni hiyo, na yule mzee alinipa mlango makusudi ili niingie kwa amani.

Mimi nilikuwa nimekuja na karatasi nne za hoja. Nilikuwa sijalala vizuri kwa hasira. Nikasimama nikasema: "Mwenyekiti, ukabila haujengi timu."

Mzee Ndahani tabasamu lake lilibaki usoni kidogo, kama mtu aliyesahau kuliondoa, halafu likaondoka. Kumwita mtani mkabila mbele ya watu! Hata mtoto wa shule ya msingi halifanyi hilo kosa. Mimi niliyesoma vitabu vyote hivi nikalifanya, na sikusimama hapo. Nikafungua karatasi zangu. Nikawaeleza kwamba hata mzabibu una miaka yake, hakuna mkulima wa Dodoma anayeung'oa kwa sababu haujazaa mwaka wa kwanza. Nikawaita watu wasio na subira. Nikawaita wauaji wa vipaji. Mwisho nikapiga meza: "Ama Maganga aanze mechi ijayo, ama mumwachie aende zake akatafute watu wanaojua mpira!"

Mzee Ndahani akauliza kwa sauti ya chini, "Ndilo neno lako la mwisho, Mwalimu?"

Nikasema ndilo.

"Basi kikao kimesikia," akasema. "Mjomba wake ameomba tumwachie."

Mikono ikanyooshwa. Kocha peke yake hakunyoosha. Nilitoka nje kifua mbele, dada, nikijiambia kwamba angalau ukweli umesemwa.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri Kocha Issa alikuja kwangu. Nikampa kiti, hakukaa.

"Mwalimu, jana ulikuwa unamjibu nani?"

"Nilikuwa namtetea kijana."

"Kwa nani? Aliyemshtaki ni nani?"

Nikaanza kutaja majina, akainua mkono. Akanieleza kwamba alikuwa ameshapanga na mwenyekiti Maganga apelekwe Mlali miezi mitatu. Kule kuna timu ndogo, inafundishwa na rafiki yake. Angecheza kila wiki mahali ambapo hakuna anayemjua, akosee bila kuzomewa, kisha arudi na jina lake likiwa bado limeandikishwa kwetu. Kikao kilikuwa cha kulipitisha hilo tu.

"Anacheza akitazama jukwaani," akasema. "Akipiga pasi anakutazama wewe. Akipoteza anakutazama mara mbili. Nilitaka kumtoa machoni pako, Mwalimu, nisikufiche. Si machoni pa mashabiki. Pako."

"Sasa mbona hukusema kikaoni?"

"Uliniachia nafasi ipi?"

Akageuka kuondoka, halafu akasema tena, bila ubaya wowote: "Ule mzabibu wako ulinifurahisha. Ila shamba la jirani yako unaliona kila siku kutoka hapa mlangoni. Umewahi kuona mzabibu usiokatwa matawi ukazaa?"

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Ndahani kabla ya vipindi. Nilimkuta zizini. Nikasema, "Mtani, nimekuja kulipa ushuru wa maji, umwachie mpwa wangu apite." Nilijitahidi kutabasamu. Naye alijitahidi. Akaniambia mtani haombwi radhi na hana kinyongo, lakini kikao kilisikia, kimeandika, na barua ya kumwacha imeshapelekwa kwa wanaosimamia ligi. Namba kumi amepewa mtu mzima kutoka Singida, mwenye jina na goti bovu. Kisha akanikaribisha maziwa. Nilikunywa yale maziwa, dada, na tangu siku hiyo hajanitania tena. Ananiita "Mwalimu" kwa heshima kabisa. Hujui heshima hiyo inavyochoma.

Maganga mwenyewe nilikuwa sijazungumza naye. Ndiyo, umesoma sawasawa. Nilizungumza na kamati, na kocha, na mwenyekiti, na fundi baiskeli. Jioni ile nilimkuta na mke wangu wanachambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza mambo ya Mlali, nikidhani nampa habari.

"Nilikuwa najua, mjomba," akasema. "Kocha aliniambia Ijumaa. Nilikubali."

"Ulikubali? Kushushwa?"

"Nilifurahi. Nilitaka kwenda mahali nicheze tu."

"Mbona hukuniambia?"

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele. "Nilikuja kukuambia. Ulikuwa unaandika. Ukasema, subiri kwanza mwanangu, nakuandalia hoja."

Mke wangu akainuka akaingia ndani. Nikabaki nimesimama. Maganga hakupandisha sauti. Mwanao hana sauti ya ugomvi, hilo amelichukua kwa baba yake. Akasema tu, "Mjomba, hukuniuliza." Akauchukua ungo akaupeleka jikoni.

Dada, nimesimama mbele ya watu wengi nikawatetea wengi: wakulima, walimu, wanafunzi waliofukuzwa. Sasa najiuliza ni wangapi kati yao niliwauliza.

Nilimwambia abaki, tutatafuta timu nyingine mjini. Nilishaanza kutaja majina ya watu nitakaowaona, mpaka nikajisikia mwenyewe. Akasema anataka kwenda kwa mama. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtoto mdogo aliyechoka sherehe ya watu wengine. Ana miaka kumi na tisa, dada, lakini hivyo ndivyo alivyosema.

Jana Kocha Issa alinipigia. Yule rafiki yake wa Mlali bado anaweza kumpokea mvua zikiisha, safari hii si kwa niaba ya timu yetu, bila ahadi ya kurudi Zuzu wala popote. Nafasi yenyewe ni ndogo na huenda ikachukuliwa na mwingine. Akasema, "Mfikishie ujumbe, Mwalimu. Ujumbe tu."

Nilimkuta Maganga anafunga begi. Nikamwambia maneno ya kocha kama yalivyo, mara moja, nikanyamaza. Aliacha kufunga begi akanitazama, akingoja niendelee. Alingoja muda mrefu. Sikuendelea. Nilikuwa na hoja saba mdomoni, na kila moja nzuri. Mwishowe akafunga zipu akasema, "Nimesikia, mjomba," na mpaka sasa ninapoandika sijui amesikia nini.

Nakuomba radhi. Ulinikabidhi mtu, mimi nikamgeuza mada. Kama utanikasirikia, una haki, na sitajitetea.

Nisalimie shemeji. Mwamkie baba mkubwa, mwambie miwani yake nimeshaipata, Maganga anayo. Msalimie yule mdogo wetu wa mwisho anayefuga nyuki, na wifi zako wote, na binti yako wa pili. Mwambie daftari za shule nimeziweka kwenye begi la kaka yake. Mama wa Kanisani jirani yako naye umpe salamu zangu, hata kama bado ananidai mjadala wa mwaka jana. Mwambie nimeuacha, ameshinda yeye.

Maganga akishakukabidhi barua hii, mpe chakula, mpe mahali pa kulala. Usimwambie aende Mlali, wala usimwambie asiende. Akianza kusema, hata akisema taratibu, hata akinyamaza katikati, mngoje mpaka amalize.

Mdogo wako,
Mihambo