Mzinga Ambao Sikuuchoma

Yaya Kyungu, kaka yangu mkubwa,

Binti yako Ngoie ameezeka upya jiko lako. Anavaa kofia yako ya wavu ya kuzuia nyuki, nayo imemkaa vizuri kuliko ilivyokukaa wewe. Mimi natembea kutoka kitandani hadi mlangoni, kisha napumzika. Daktari hana jipya la kuniambia, nami simuulizi. Kwa hiyo nakuandikia leo.

Uliniachia agizo moja: "Kabange, mzinga ikinuka, choma. Usiililie, haiko mutoto yako." Ndivyo alivyofanya baba, na ndivyo wanavyofanya majirani wote hapa Kamina: mabuu yakioza, mzinga unateketezwa pamoja na nyuki wake kabla haujaambukiza ya wengine.

Sikuuchoma.

Mvua zilipoanza, mzinga wako wa mwisho, ule wa gome, ulinuka kama gundi ya seremala. Nilichokoa tundu moja kwa kijiti. Buu likavutika kama mlenda wa bamia. Nikaagiza majani makavu ya kuwashia moto. Ngoie akasimama mbele ya mzinga.

"Baba mudogo, ngoja kwanza. Mu tumbo ya nyuki muzima muko bidudu bizuri. Binapiganaka na bile bibaya."

Unajua alisomea kilimo Lubumbashi. Alisema dawa za sokoni zinaua bakteria wote, wazuri na wabaya. Wale wazuri aliokuja nao walikuzwa huko chuoni, baada ya kutolewa kwenye nyuki wazima. Akawachanganya na maji ya sukari, akanyunyizia masega.

"Unabapatia munkoyo?" nikamtania, kana kwamba anawanywesha pombe yetu ya mahindi.

"Njo vile. Lakini habalewake."

Sasa ungamo langu. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote, na maneno yake hayakutosha kunishawishi. Nilikubali kwa sababu udongo uliozibia mfuniko bado una alama za vidole vyako. Kwa ajili ya hizo alama niliihatarisha mizinga ya Mzee Ilunga, ng'ambo ya shamba la mihogo. Nilimwita nikamweleza. Akanijibu:

"Nyuki yangu ikikufa, mwalimu, nitakufwata mpaka mu kaburi."

Mpaka leo nyuki wake ni wazima. Kwenye mzinga wako harufu imepungua, na mabuu meupe yameanza kuonekana, ingawa si kila tundu. Ngoie anasema ni mapema kushangilia, kwamba bakteria hao husaidia, hawafufui. Nimempenda zaidi kwa kusema hivyo.

Nakuahidi hili: kiberiti kiko ndani ya kopo, chini ya mzinga. Harufu ikirudi, Ngoie atawasha siku hiyo hiyo, niwe hai au nisiwe. Ameapa mbele ya Ilunga.

Ulitangulia kuzaliwa, ukatangulia kufa. Mimi pacha wako nakuja nyuma, kama desturi yetu. Lala salama, yaya. Ukiona moshi huku, ujue nimekutii kwa kuchelewa. Usipouona, tutakapokutana sitakuomba radhi.

Kabange