Yatima wa Kwenye Sabuni

Jumatatu, 3 Machi
Kariakoo tena. Kukagua matangazo ya bidhaa, jua la utosi, visigino vinawaka. Duka la jumla la sabuni. Katoni hadi darini, kila moja na picha ya mtoto wa kike anacheka: "Kila mche unamlisha yatima huyu." Analishwa wapi, na nani? Mwenye duka hajui. Nimempa barua, siku saba alete ushahidi. Ningeweza kuuzuia mzigo leo leo. Nilikuwa na njaa.

Jumanne, 4 Machi
Mpagazi amenifuata ofisini. Selemani, mtu wa Lindi, anavuta mkokoteni. Mtoto wa kwenye katoni ni Zuhura, binti yake. Walimpiga picha shuleni, wakasema ni ya kumbukumbu. Katoni hizo anazibeba yeye mwenyewe kila siku. "Shikamoo mama. Mwanangu anaitwa yatima na mimi nipo. Wananichuria kifo."
Nilicheka. Nikamwambia asubiri siku saba, sheria ina utaratibu. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nilipita kuona kama katoni bado zipo. Selemani alikuwa dukani na nondo, anazipasua, anachana uso wa mwanawe mmoja mmoja. Hakumgusa mtu. Mwenye duka akapiga kelele: mwizi. Neno moja tu. Watu walikuja na mateke, na matofali, na ubao wa mkokoteni wake mwenyewe. Nilisikia mfupa ukivunjika. Damu ikaingia kwenye sabuni zilizomwagikiwa maji, ikatoa povu.
Kitambulisho kilikuwa mkobani. Sikukitoa. Niliogopa, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Amekufa alfajiri. Namchukia mwenye duka. Najichukia zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi, polisi. Nimewataja niliowatambua kati ya waliompiga, na aliyewaita.
Ofisini nimekuta majibu ya barua yangu, ndani ya siku saba, muhuri safi. Mwenye duka anasema tangazo lake ni la kweli, mtoto ni yatima. Ushahidi ameambatisha: picha ya kaburi.
Nimeisoma mara tatu. Kisha nikachukua fomu. Dai ni kweli au si kweli? Si kweli. Mzigo wote utoke sokoni leo. Kwenye nafasi ya maelezo nimeandika kwamba siku ya ukaguzi baba yake alikuwa hai.