Sketi ya Buluu Ukutani

Helsinki, 25 Januari 1998

Kwako dada Leida,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri. Mimi mzima. Mgongo wako unaendeleaje? Na shemeji Villem, kikohozi kimeisha? Barafu ya huko kisiwani imekaza kiasi cha gari la posta kuvuka bahari juu yake?

Jumamosi iliyopita nilizunguka mjini kutwa na Ronja, yule wa kazini. Tulianza madukani. Nilijaribu koti la kijivu lenye vifungo vya shaba, Ronja akasema, "Shosti, ukisimama mlangoni na hilo, watu watakudhani bawabu, wakupe tiketi zao." Tukala supu ya samaki, kisha tukaenda jumba la sanaa. Ronja alisimama dakika ishirini mbele ya picha moja ya mwanamke anayeanika shuka kwenye theluji.

Nilikuwa nimevaa ile sketi uliyonitumia Krismasi. Kwenye chumba cha mitindo Bi Tuulikki, anayeandaa maonyesho ya nguo, akanisimamisha. Aliuliza mistari ina maana gani. Nikamwambia buluu ni bahari yetu wakati wa baridi. Akaandika. Nimewaachia sketi mpaka majira ya machipuko. Nakutumia kipande cha gazeti lililoiandika. Tazama picha tu, mengine ni Kifini.

Nifumie nyingine, nyekundu tupu, ifike kabla ya tarehe moja Machi.

Mdogo wako,
Hilja


Kihnu, 2 Februari 1998

Mdogo wangu Hilja,

Sisi wazima. Villem hakohoi tena, mgongo ni uleule. Gari la posta linavuka. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Naanza na Ronja. Miaka tisa unaniambia, "Dada, njoo nikupeleke ukaone picha." Mwaka juzi nilifunga mpaka begi, ukasema kazi zimekuzidi. Ronja mmejuana Septemba, na ameshaona picha zote, na supu juu. Huu ni wivu, sitautafutia jina lingine.

Sasa gazeti. Mimi Kifini sijui, lakini mwalimu Maret anakijua. Chini ya picha wameandika kwamba sketi imefumwa na Hilja, aliyefundishwa na mama yake. Maret alinisomea, kisha akatazama dirishani. Mama alikufundisha, kweli. Ulifuma mkanda mmoja, ukauacha nusu.

Na hiyo buluu. Mama alikufa Novemba. Sketi za msiba tunaanza na buluu na nyeusi, halafu tunaongeza nyekundu kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita. Yako ina uzi mwekundu mmoja kwa sababu ilikuwa Desemba. Unayajua haya tangu ukiwa na miaka minne. Umewaambia wageni kwamba msiba wa mama ni maji.

Nyekundu tupu sifumi kabla ya Novemba, mwaka wa msiba uishe. Nenda kawaambie ukweli.

Dada yako,
Leida


Helsinki, 11 Februari 1998

Dada Leida,

Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi silali vizuri.

Bi Tuulikki aliniuliza, "Umefuma mwenyewe?" Watu sita walikuwa wananitazama. Nimesafisha ofisi za mji huu miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimetengeneza nini. Nikasema ndiyo.

Maonyesho yanafunguliwa tarehe moja na nimealikwa kusimama kando ya sketi. Ronja amewaambia wote kazini. Nakuomba usiwaandikie. Nitasema mwenyewe, baadaye.

Mdogo wako,
Hilja


Helsinki, 4 Machi 1998

Dada Leida,

Sikuulizi hali, maana hukunijibu. Wao umewaandikia. Barua nimeiona mezani kwa Bi Tuulikki, na mwandiko wa Maret naujua.

Siku ya ufunguzi nilifika nimesuka nywele. Kadi ya ukutani ilikuwa imebadilishwa. Ina jina lako, na chini yake wameandika kwamba buluu ni ya msiba wa mama aliyekufa Novemba. Nilisubiri Bi Tuulikki anifukuze. Akanishika mkono, akasema, "Bi Hilja, pole kwa msiba." Hakuna mtu mwingine mji huu aliyewahi kunipa pole, kwa sababu sikumwambia mtu.

Ronja aliisoma kadi mara mbili. Nikamwomba radhi kwa uongo. Akasema, "Nipe anwani ya dada yako." Tangu siku hiyo ni Leida tu. Leida anatia nyuzi rangi kwa majani gani? Leida anaamka saa ngapi? Nikamwambia, "Na mimi nipo hapa." Akanijibu, "Wewe si nakuona kila siku."

Nimekuchukia siku tatu. Leo nimechoka. Umenisamehe?

Mdogo wako,
Hilja


Kihnu, 20 Machi 1998

Mdogo wangu Hilja,

Sisi wazima. Barafu imeanza kulainika, kwa hiyo naandika haraka kabla gari halijaacha kuvuka.

Ronja ameniandikia kurasa nne. Maret amenisomea, nami nimejibu siku hiyohiyo. Anauliza vizuri. Anakuja Juni kujifunza kutia rangi, na nimemwambia atalala kwenye kitanda chako.

Njoo naye. Lakini yeye ni mgeni, wewe utalala chini.

Dada yako,
Leida