Uso Usiokatwa

Mjukuu wangu Furaha,

Salamu kutoka Rosettenville, huku ugenini kusini. Sisi wazima, babu yako anagombana na redio tu. Umeniuliza, huko Nairobi unakosoma, marais wetu wanakaaje madarakani miaka yote ile. Tena ukauliza, wana askari wangapi?

Nikiwa msichana Lubumbashi, nilijifunza kushona kwa fundi Kalala. Rais alipokuja kuutembelea mji, wanawake walileta vitenge vyenye sura yake. Ule uso haukukatwa, wala haukuwekwa upande wa makalio. Tuliuzunguka kwa mkasi mpaka kitambaa kikapunguka. Mama mmoja akaenda kumpokea rais amevaa blauzi yenye mkono wa kitambaa kingine.

“Fundi, nani amekataza kuukata?” niliuliza.

Akatazama mlangoni. “Hakuna. Wewe zungusha mkasi.”

Dukani hapakuwa na askari hata mmoja.

Rais yule alishakufa zamani. Juzi jirani kaniletea kitenge chenye sura yake, nishone mfuko wa sokoni. Nikajiambia, leo napita katikati ya uso. Eish, mkono ukazunguka wenyewe!

Mfuko sijaumaliza. Ukija likizo, uso huo utaukata wewe.

Bibi yako