Faharasa ya majalada mia tatu

Jumanne, jioni.

Taifa zima na litambue: leo nimekamilisha faharasa ya majalada yote ya ofisi yetu, kwa wino mwekundu.

Saa nne akaingia Mama Veronika wa Katandala. Bintiye amechaguliwa sekondari na lori la kuwapeleka shuleni linaondoka kesho. Bila hati yake ya kuzaliwa, iliyomo humu ofisini, anabaki.

"Dakika moja tu, mama," nikajigamba, nikafungua kitabu changu cha faharasa. Jalada 212, rafu ya tatu. Halikuwepo. Nikaingiwa na hofu kweli.

"Ndugu karani, hicho kitabu kinajua jalada lilipo, au linapotakiwa kuwa?" akauliza mama.

Nikainuka kwenda kumwita mkubwa. Mama akacheka, akanionyesha kiti changu.

Kiti ni kifupi. Ili niifikie meza, nilikuwa nimelikalia jalada hilo tangu Ijumaa.