Omena ya Remba na Ukurasa Nilioupitisha

Nairobi

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikiomba barua hii ikukute una nguvu, uwe kisiwani Remba au umevuka kuja nyumbani bara. Goti lako linaendeleaje? Wifi yangu Akinyi aliniambia lilivimba tena baada ya mvua za juzi, nawe ukakataa kwenda zahanati. Sisi huku tu wazima. Mwanao Ochieng' yuko kazini, watoto wanasoma, na yule mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele. Wanauliza kwa nini dani, bibi yao, hapokei simu.

Najua kwa nini hupokei. Ndiyo maana nimeketi kuandika, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi na wewe tumeelewana nayo tangu siku Ochieng' aliponileta kwako kutoka Ukuria. Nakuomba uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Mama, nina hasira ambayo haijapoa mpaka leo. Siku gazeti letu lilipoandika kwamba akina mama wa Remba wanainyunyizia omena, dagaa wa ziwani, dawa ya wadudu ili nzi wasitue, picha iliyowekwa juu ya maneno hayo ilikuwa yako. Umeinama juu ya nyavu za kuanikia, unacheka. Picha hiyo ilipigwa miaka miwili nyuma na mpiga picha niliyemleta mimi, aliyekuja kwa habari ya bei za samaki. Ulimpa ugali, ukamfungia na samaki wa kumpelekea mkewe. Picha ikahifadhiwa ofisini. Siku walipotaka mwanamke yeyote wa Remba, wakamchukua aliyekuwa karibu, bila kujali kwamba ana jina, ana wateja, ana kanisa.

Sasa nikwambie sehemu yangu, maana sitaki uisikie kwa mtu mwingine. Habari ile ilipita mikononi mwangu, mimi mhariri. Mwandishi wake ni mtu mwenye sifa kubwa hapa. Aliniletea maneno mchana, bila picha, nami nikamuuliza alizungumza na nani kule kisiwani. Akajibu, "Na watu." Niliangalia saa, nikaangalia kurasa zilizonisubiri, nikapitisha. Picha iliongezwa baadaye na wenzangu wa meza nyingine. Niliiona asubuhi, gazeti likiwa mikononi mwa mlinzi wa lango letu, uso wako chini ya neno SUMU lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Akinyi alinipigia siku ya soko. Alisema pale Kosele wateja wake wa miaka walikuwa wakipita mbele ya meza kama hawamjui, na mama mmoja alirudisha omena aliyokuwa ameshaitia kwenye kikapu. Mzigo wote ulioutuma ukaishia kwa watu wa chakula cha kuku. Baba yangu naye alipiga kutoka Migori. Unajua hasemi sana. Alisema amesoma gazeti hili tangu mimi sijazaliwa, akilisoma hata ng'ombe wakiwa mtoni, na kwamba sasa ataanza kulisoma kama mtu anayesikiliza shahidi wa uongo.

Nilimfuata yule mwandishi. Hakuwahi kukanyaga Remba. Habari yake yote ilitoka kwenye ujumbe uliokuwa ukizunguka kwenye simu, na kwa mfanyabiashara mmoja ambaye, nilipouliza zaidi, niligundua anauza samaki wa kushindana na wenu. Hata hakuona haya. Alisema kila mtu alikuwa anaizungumzia.

Na hapa, Mama, ndipo ninapochukia zaidi. Tulikuwa tumefundishwa. Mapema mwaka huu wahariri wa magazeti kadhaa tuliitwa hotelini siku tatu, tukafundishwa namna ya kurudisha imani ya wasomaji. Kila mmoja alipewa kitabu cha mwongozo na karatasi ya maswali ya kubandika ukutani. Nani amesema? Amejuaje? Anayelaumiwa ameulizwa? Picha hii ni ya lini, na ilipigwa kwa habari gani? Maswali ya kawaida kabisa, ambayo wewe ungemuuliza mtu aliyekuletea umbea. Tulikula vizuri, tukapigwa picha ya pamoja, tukarudi. Vile vitabu tukavitumia kuinulia kompyuta zetu. Changu nilikitoa chini ya kompyuta yangu, nikakifuta vumbi, nikaenda nacho kwa mhariri mkuu.

Nilimwomba tukiri kosa kwenye ukurasa uleule wa tatu, kwa ukubwa uleule, na tueleze tulivyokosea. Aliniambia gazeti linalojisahihisha hadharani linajivua nguo, kisha akanipa nafasi ya mistari miwili chini ya matangazo ya vifo. Nikakataa. Nikamwambia mwanamke yule ni mama yangu.

"Basi wewe ndiye usiyefaa kuigusa habari hii," akasema.

Iliniuma kwa sababu katika hilo alikuwa na haki. Nikamjibu, "Sitaigusa. Mtume mtu mwingine. Lakini safari hii aende."

Siku mbili baadaye akamtuma Nyaboke, mwandishi wetu mwanamke aliyekaa miaka mingi katika kazi hii. Ulimwona. Aliniambia alipokusalimia hukugeuka, ulisema tu, "Picha si mlishapata?" ukaendelea kugeuza omena yako. Hakukulaumu, nami sikulaumu. Alikaa pwani ya Remba tangu boti za kwanza zilipoingia hadi jua lilipopungua, akitazama kila wavu na kila ndoo. Kisha akachukua omena kutoka kwa akina mama mbalimbali, akaipeleka kupimwa maabara. Haikuwa na dawa yoyote.

Majibu yalipokuja, mhariri mkuu aliyasoma akiwa amesimama. Bado alitaka iandikwe kwamba "taarifa za awali zilikuwa na utata." Nyaboke akamwambia ataondoa jina lake kwenye habari. Mimi nikamwambia aweke langu, iandikwe kwamba mimi ndiye mhariri niliyeipitisha bila kuuliza vya kutosha. Nadhani hilo ndilo lililomshinda.

Gazeti lenyewe nimelikunjia ndani ya bahasha. Fungua ukurasa wa tatu. Utaona tumesema hatukufika Remba, hatukumuuliza hata mama mmoja, na picha haikuhusika. Tumekuomba radhi kwa jina lako kamili. Mimi nimepewa barua ya onyo, na yule mwandishi amepewa onyo kama langu, jambo ambalo bado linanichoma. Yale maswali sasa yamebandikwa ukutani, na kuna simu ya wasomaji wenye malalamiko ambayo nimepewa mimi kuipokea. Waliopiga wengi walipiga kututukana. Nawasikiliza, naandika.

Lakini sijidanganyi. Waliosoma neno SUMU ni wengi kuliko watakaosoma kuomba radhi kwetu, na mteja wa Kosele hatafuti ukurasa wa tatu kabla ya kununua kitoweo. Kwa hiyo nimeomba likizo. Sikuombi unisamehe kwa sababu ya karatasi hii.

Nisalimie Akinyi, wifi yangu, umwambie sijasahau kwamba ndiye pekee aliyenipigia. Nisalimie Baba Ochieng', na mchungaji wako, na yule jirani yako wa Takawiri anayekushonea nyavu. Mwanao anakusalimu sana. Amekasirika kuliko mimi, ila hajui kuandika barua.

Siku ya soko ijayo nitakuwa Kosele mapema, kabla meza hazijapangwa. Nitakaa na Akinyi nyuma ya omena yako mpaka jioni, na kila atakayesita kununua nitamwambia mimi ndiye niliyepitisha ule uongo, aniulize mimi. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitakaa vilevile.

Ni mimi mke wa mwanao, mtoto wako,
Boke